Majedwali ya muda ya PostgreSQL: tathmini ya mtumiaji anayefunga hesabu za ushirika

Kwa miaka minne sasa kazi yangu ya kila mwisho wa mwezi imekuwa kukutanisha hesabu zinazotoka sehemu tatu: fedha zinazopokelewa dirishani katika ofisi ya ushirika wetu wa akiba na mikopo mkoani Morogoro, fedha zinazoingia kwenye akaunti ya benki, na fedha ambazo wanachama hutuma kwa simu. Kila sehemu ina orodha yake, na kila orodha imeandikwa kwa mtindo wake. Hifadhidata tunayoitumia ni PostgreSQL, na kitu ninachotaka kukitathmini hapa ni chombo kimoja tu kilichomo ndani yake, yaani jedwali la muda, kwa sababu ndicho kilichoifanya kazi iliyokuwa ikinichukua siku tatu za kuhangaika imalizike kabla ya chakula cha mchana.

Nitaje msimamo wangu mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Kwa kazi ya kuunganisha majibu ya maulizo kadhaa, yaani maswali anayoulizwa hifadhidata kwa amri, majibu ambayo ni lazima yakaguliwe moja moja kabla ya kuunganishwa, sijapata chombo kinachokifikia hiki. Hata hivyo kina masharti yake, na asiyeyajua anaweza kupata jibu lisilo sahihi ilhali kompyuta haijalalamika hata kidogo.

PostgreSQL haiuzwi. Mtu yeyote anaweza kuipakua na kuitumia bila kulipa leseni, jambo ambalo kwa ushirika mdogo si dogo. Mradi wenyewe ulianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na jina la sasa lilianza kutumika mwaka 1996. Mzizi wake ni wa zamani zaidi: mwaka 1970 Edgar Codd alipendekeza kwamba taarifa zote zipangwe katika majedwali, na kwamba jibu la kila ulizo nalo liwe jedwali. Wazo hilo la mwisho ndilo linaloibeba mada yetu. Ikiwa jibu ni jedwali, basi linaweza kuwekwa kando, likahesabiwa, likachujwa, likaulizwa tena na kuunganishwa na jibu jingine.

Jedwali la muda ni hilo jibu lililowekwa kando. Unaliunda kwa amri fupi, kama hii ninayoitumia kwa akiba za mwezi:

CREATE TEMPORARY TABLE akiba_mwezi AS
SELECT namba_mwanachama, SUM(kiasi) AS jumla_akiba
FROM akiba
WHERE tarehe >= '2025-03-01' AND tarehe < '2025-04-01'
GROUP BY namba_mwanachama;

Tangu hapo akiba_mwezi linatumika kama jedwali lolote jingine, ila linaonekana kwako peke yako na litafutika lenyewe utakapofunga kipindi chako cha kuunganika na seva. Karani mwenzangu anaweza kuunda jedwali la jina hilohilo dakika hiyohiyo kwenye kompyuta yake na tusigongane. Zaidi ya hayo, ruhusa ya kuunda majedwali ya muda hutolewa kwa watumiaji wote wa hifadhidata isipokuwa msimamizi ameiondoa, kwa hiyo hata mtu aliyepewa haki ya kusoma tu, asiyeweza kubadilisha senti moja kwenye vitabu, anaweza kufanya uchambuzi wake kwa uhuru. Kwa ofisi inayoshika fedha za watu, naona huu ni mpango wa busara sana.

Thamani ya chombo hiki niliielewa siku nilipokosea. Mwaka wa kwanza nilijaribu kufanya kila kitu kwa ulizo moja refu. Nilianza na jedwali la wanachama, nikaliunganisha na jedwali la akiba, kisha na jedwali la marejesho ya mikopo, nikaomba jumla za kila mwanachama. Ripoti ilitoka nadhifu. Mhazini wetu, mama mtu mzima ambaye alikuwa akifunga vitabu kwa kalamu kabla ofisi haijawa na kompyuta, aliishika ile karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaniuliza, "Mwanangu, huyu nilimpokea mimi mwenyewe dirishani. Mwezi mzima ameweka laki moja. Hizi laki mbili zimetoka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba, "Mama, nipe hadi kesho," nikarudi kwenye meza yangu na mstari ule mmoja.

Mwanachama yule alikuwa ameweka akiba mara tatu, shilingi 20,000, 30,000 na 50,000, na alikuwa amerejesha mkopo mara mbili, shilingi 40,000 kila mara. Ukiyaunganisha majedwali yote mawili kwa namba ya mwanachama, kila safumlalo, yaani mstari wa jedwali, ya akiba hukutana na kila safumlalo ya marejesho, na tatu mara mbili ni sita. Katika safumlalo hizo sita kila akiba imejirudia mara mbili na kila rejesho limejirudia mara tatu. Ndiyo maana akiba ya 100,000 ilisomeka 200,000, na marejesho ya 80,000 yalisomeka 240,000. Hifadhidata haikukosea hata kidogo. Ilijibu sawasawa na nilivyouliza. Kibaya zaidi ni kwamba wanachama walioweka akiba mara moja na kurejesha mara moja walitoka sahihi, kwa hiyo ukichungulia mistari michache ya juu ungeweza kuapa kwamba ripoti yote ni nzuri.

Dawa yake ni kujumlisha kwanza na kuunganisha baadaye. Nikaunda akiba_mwezi kama nilivyoonyesha hapo juu, nikaunda marejesho_mwezi kwa namna hiyohiyo, na sasa kila jedwali lilikuwa na safumlalo moja tu kwa kila mwanachama. Kabla ya kuendelea nililinganisha jumla ya akiba_mwezi na jumla ya daftari la dirishani, zikalingana hadi shilingi ya mwisho. Ndipo nikayaunganisha yote mawili na orodha ya wanachama kwa LEFT JOIN, ili asiyeweka akiba wala kurejesha mkopo mwezi ule asipotee kwenye ripoti. Hapo pana tundu jingine dogo: mwanachama asiye na rejesho hupata nafasi tupu, si sifuri, na 100,000 ukitoa tupu jibu lake ni tupu. Funksheni ya COALESCE, inayogeuza tupu kuwa sifuri, lazima iwepo kila mahali panapofanyika hesabu.

Kujumlisha kabla ya kuunganisha kunaweza pia kufanyika ndani ya ulizo moja kwa kutumia WITH, neno linalolipa jina jibu la kati ndani ya ulizo lenyewe, na watu wengi wangependelea njia hiyo. Ninaiheshimu. Ni fupi, haiachi kitu cha kufuta, na tangu toleo la 12 la mwaka 2019 PostgreSQL inaweza kuyeyusha sehemu ya WITH inayotajwa mara moja ndani ya ulizo kubwa ili itafute njia ya haraka zaidi. Lakini WITH huisha pamoja na ulizo lake. Huwezi kuisimamisha katikati ukatazama, ukauliza safumlalo ziko ngapi, ukapiga jumla, ukamwita mhazini aone. Jedwali la muda linakuruhusu kusimama, na katika kazi ya fedha ruhusa hiyo naithamini kuliko ufupi.

Sehemu nyingine ambayo chombo hiki kinafanya vizuri kuliko nilivyotarajia ni kupokea taarifa chafu kutoka nje. Orodha ya miamala ya simu hutufikia kama faili la CSV, yaani maandishi matupu ambayo nafasi zake hutenganishwa kwa mkato. Humo namba za simu zinaanza na 255, ilhali kwenye rejista yetu zinaanza na 0, na faili la namba zenye 0 ambalo mtu alilifungua na kulihifadhi kwanza kwenye Excel linaweza kuwa limepoteza sifuri ya mwanzo, likabaki linaanza na 6 au 7. Kiasi nacho huja na alama ya mkato, kwa mfano 25,000, na ukijaribu kukiingiza kwenye safuwima ya tarakimu seva itakikataa, na kwa kawaida faili lote litarudi pamoja nacho. Kwa hiyo mimi huunda jedwali la muda ambalo kila safuwima yake ni maandishi matupu, nalipakia faili zima kwa amri ya \copy bila kubishana na chochote, kisha nasafisha nikiwa ndani. Kwa namba za simu naondoa kila kisichokuwa tarakimu na kuchukua tarakimu tisa za mwisho, pande zote mbili, na hapo 255, 0 na pengo havina tena nafasi ya kututenganisha. Majedwali ya kudumu hayaguswi hadi usafi ukamilike. Faili likiwa bovu kupita kiasi, nafunga kipindi, na uchafu wote unaondoka wenyewe.

Baada ya usafi orodha tatu huwekwa juu ya nyingine ziwe moja, na hapa ni lazima kuchagua kati ya UNION na UNION ALL. Tofauti yake inaonekana ndogo lakini ina uzito wa fedha. UNION huondoa safumlalo zinazofanana kabisa. UNION ALL huziacha zote. Mwanachama akiweka shilingi 10,000 asubuhi na nyingine 10,000 jioni ya siku hiyohiyo, na orodha yako ikiwa na namba yake, tarehe na kiasi tu, UNION itayaona malipo hayo mawili kuwa jambo moja na kumnyang'anya mwanachama elfu kumi zake. Mimi hutumia UNION ALL daima, na naongeza safuwima ya chanzo yenye neno dirisha, benki au simu, ili kila shilingi iendelee kujulikana ilikotoka. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba safuwima hukutanishwa kwa mpangilio wake, si kwa majina. Ukiweka kiasi kabla ya namba ya mwanachama katika orodha moja na baada yake katika nyingine, na zote mbili ni tarakimu, hakuna onyo lolote utakalopata.

Kutafuta kisicholingana ndiyo furaha yangu kubwa katika kazi hii. Kwa FULL JOIN kati ya orodha ya benki na orodha ya vitabu vyetu, zikikutanishwa kwa namba ya kumbukumbu ya muamala, nabakiza tu safumlalo ambazo upande mmoja ni tupu: zilizoko benki zisizoandikwa kwetu, na zilizoandikwa kwetu zisizofika benki. Kutoka mamia ya miamala hubaki kurasa isiyojaa, na hiyo ndiyo tunayokaa nayo mezani.

Kuna sharti moja la kuunganisha majibu ambalo halisemwi vya kutosha. Jedwali la muda ni picha ya dakika lilipoundwa. Likiundwa saa nne na nusu, halijui risiti iliyoingizwa saa nne na dakika thelathini na mbili. Mwezi mmoja tulitafuta tofauti ya shilingi 15,000 kati ya jumla mbili ambazo zilipaswa kuwa moja. Tulipekua risiti zote mchana kutwa, na mwishowe tukagundua kwamba mpokea fedha aliingiza risiti moja katikati ya amri yangu ya kwanza na ya pili, hivyo jedwali moja liliiona na jingine halikuiona. Tangu siku hiyo naanza kazi kwa BEGIN ISOLATION LEVEL REPEATABLE READ, ambayo huhakikisha kwamba maulizo yote ndani ya muamala huo (hapa si wa fedha, bali fungu la amri zinazohesabiwa kuwa kazi moja) yanaiona hifadhidata ilivyokuwa ulizo la kwanza lilipoanza, hata kama dirishani wanaendelea kuhudumia watu. Ikiwa nikufundishe jambo moja tu kuhusu majedwali ya muda, ningechagua hili.

Sasa nije kwenye upungufu. Wa kwanza na ulio mzito zaidi ni takwimu. PostgreSQL ina mfanyakazi wa ndani anayezunguka nyuma ya pazia akifagia majedwali na kukusanya takwimu zake, na takwimu hizo ndizo zinazomsaidia mpangaji wa maulizo kuchagua njia. Mfanyakazi huyo hawezi kuyafikia majedwali ya muda, kwa kuwa ni mali ya kipindi chako. Usipoandika ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu, kwa mkono wako baada ya kulijaza jedwali, mpangaji hubahatisha. Nimewahi kusubiri dakika kadhaa nikitazama ulizo la kukutanisha namba za simu na rejista, nikalikatisha, nikaandika ANALYZE, nikalirudia, likajibu kabla sijanyanyua kikombe. Jedwali likiwa kubwa, faharasa juu ya safuwima ya kuunganishia nayo inalipa.

Kumbukumbu iliyotengwa kwa majedwali haya, iitwayo temp_buffers, ni megabaiti 8 kwa kila kipindi isipokuwa ukiibadilisha, na ni lazima uibadilishe kabla ya kugusa jedwali lolote la muda katika kipindi hicho. Kwa ushirika wetu kiasi hicho kinatosha. Kwa mtu anayefanya kazi na mamilioni ya safumlalo hakitatosha, na tena ajue kwamba wafanyakazi wa sambamba ambao PostgreSQL huwaita kugawana ulizo kubwa hawawezi kusoma majedwali ya muda.

Majina yanahitaji uangalifu wa pekee. Ukiliita jedwali la muda jina lililo la jedwali la kudumu, lile la muda ndilo linalotangulia kuonekana, na la kudumu linajificha nyuma yake bila taarifa. Hatari inakuwa kubwa zaidi wakati wa kufuta. Watu wengi huanza faili lao la amri kwa DROP TABLE IF EXISTS ili liweze kurudiwa bila kugoma. Kama jedwali la muda la jina hilo halipo wakati huo, na la kudumu lipo, na una ruhusa, litakalofutwa ni la kudumu. Andika pg_temp na nukta mbele ya jina, na seva itatafuta kwenye nafasi yako ya muda peke yake. Mimi pia huyapa majedwali haya majina ambayo hayafanani kabisa na ya kudumu.

Kisha kuna suala la kipindi chenyewe. Mtandao ukikatika, kila kitu ulichojenga kimekwenda. Katika pgAdmin, programu ya kuendeshea PostgreSQL kwa madirisha, kila ukurasa wa maulizo una muunganisho wake, kwa hiyo jedwali uliloliunda katika ukurasa mmoja halionekani katika mwingine, na anayeanza anaweza kudhani kwamba amri yake haikufanya kazi. Kwa sababu hizi siandiki tena amri papo kwa papo: zote zimo katika faili moja, kwa mpangilio, na kulirudia faili zima ni kazi ya muda mfupi.

Wanaojenga mifumo mikubwa wana masharti yao. Ukitumia PgBouncer, programu inayowagawia watumiaji wengi miunganisho michache ya seva, kwa mtindo wa kugawana miunganisho kwa kila muamala, jedwali la muda lisitegemewe kuvuka muamala mmoja. Liunde ndani ya muamala na uliandikie ON COMMIT DROP, ili lifutike muamala unapokamilika. Kwenye seva ya nakala ya kusomea tu huwezi kuliunda kabisa, na hilo linaumiza, kwa sababu nakala ndiyo ambayo watu wengi wangependa kuiachia kazi ya ripoti. Na programu inayounda na kufuta majedwali ya muda maelfu kwa maelfu kutwa nzima huvimbisha orodha za ndani za mfumo. Kwa programu ya namna hiyo ningeshauri WITH.

Nikilinganisha na hifadhidata nyingine, MySQL inayo majedwali ya muda pia, lakini haikuruhusu kulitaja jedwali moja la muda zaidi ya mara moja katika ulizo moja, na haina FULL JOIN. Kwa kazi yangu ya kutafuta visivyolingana, mambo hayo mawili yangenilazimisha kuzunguka sana. SQL Server huyatambua kwa alama ya # mbele ya jina na kuyaweka katika hifadhidata ya pembeni iitwayo tempdb, mpango ambao unaondoa kabisa ile hatari ya majina niliyoieleza, na ningefurahi kuona PostgreSQL ikiwa na kinga ya namna hiyo. Oracle kwa kawaida huhifadhi umbo la jedwali daima na kufuta yaliyomo tu, utaratibu unaofaa ofisi ambayo ripoti zake hazibadiliki umbo.

Siku hizi ripoti ya mwezi haimfikii mhazini ikiwa peke yake. Juu yake kuna karatasi ndogo inayotokana na majedwali yaleyale: idadi ya safumlalo na jumla ya fedha kwa dirisha, kwa benki na kwa simu kabla ya kuunganishwa, na chini yake jumla hizohizo baada ya kuunganishwa. Mama huzipitia kwa kalamu, moja baada ya nyingine, na ikiwa jumla za juu na za chini zinakubaliana ndipo anapofungua ripoti yenyewe.